Koili, plagi au nozeli? Kipimo kisichogharimu hata shilingi

Gari likianza kumisi ukiwa jirani na Kariakoo, ule urahisi wa kupata spea ndio unaoweza kukutia hasara. Fundi akitamka tu "hiyo koili hiyo," winga ameshapotea uchochoroni na kurudi na boksi mkononi. Koili inafungwa, gari linaendelea kumisi. Zinanunuliwa plagi nne, hali ni ileile. Zinafuata nozeli. Mwisho wa siku mwenye gari amelipia ramli tatu, na vifaa vilivyotolewa huenda viwili kati yake vilikuwa vizima.

Kazi tunayoichambua hapa ilikwenda kinyume. Ilifanyika kwenye gereji ya kando ya barabara maeneo ya Gerezani, na jibu lilipatikana kabla duka lolote halijaulizwa bei. Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililouzwa Japani kuanzia mwaka 2002, lenye injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3 na silinda nne. Malalamiko ya mwenye gari yalikuwa hivi: asubuhi linawaka vizuri na kutembea bila shida, lakini likishakaa kwenye foleni ya Uhuru na Msimbazi linaanza kutetemeka likiwa silensa, linakosa nguvu ukikanyaga mafuta, na ekzosi inatoa harufu ya petroli mbichi. Taa ya injini haikuwaka.

Fundi alianza na kifaa kidogo cha kusoma kodi kupitia simu. Hakikuelewana na kontroli boksi ya gari. Si ajabu, kwa sababu vifaa vya bei nafuu vya aina hiyo haviyasomi magari yote yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Hata hivyo, mashine inayosoma vizuri nayo haimalizi kazi. Kodi P0302, kwa mfano, inasema silinda ya pili inamisi. Haisemi kama kosa ni la koili, plagi, nozeli au kompresheni. P0352 inasogea karibu zaidi, kwani inalalamikia saketi ya koili ya pili, lakini saketi ni pamoja na waya na soketi. Kodi inakuonyesha mtaa. Nyumba unaitafuta mwenyewe.

Ili kuelewa alichofanya fundi baada ya hapo, lazima tujue koili inafanya nini. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba zilizozungushiwa kiini kimoja cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba sana wenye mizunguko maelfu. Kontroli boksi inaamuru umeme wa volti 12 upite kwenye waya mnene, kisha ukatwe ghafla. Usumaku uliokuwa umejengeka unaporomoka, na kuporomoka huko kunazalisha kwenye waya mwembamba volti zinazoweza kuzidi 20,000. Kanuni yenyewe ni ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Umeme huo unashuka kwenye springi iliyomo ndani ya raba ndefu, unafika kwenye plagi na kuruka nafasi iliyopo ili kutoa cheche.

Starlet na Corolla nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na koili moja tu na distribyuta ya kugawa umeme. Koili ikifa, gari linazima palepale. Kwenye IST kila silinda ina koili yake, hivyo moja ikifa zile tatu zinaendelea kulibeba gari. Ndiyo maana watu hutembea na ubovu huu siku nyingi wakidhani ni "mafuta mabaya," huku petroli isiyoungua ikimiminika kwenye masega ya ekzosi na kuyaharibu kwa joto.

Uamuzi wa kwanza wa maana wa fundi ulikuwa kusubiri. Gari lilifika likiwa limeshapoa na lilikuwa halimisi. Aliliacha liwake silensa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hadi feni ya rejeta ikaanza kuzunguka na mtetemo ukajitokeza. Koili nyingi hufa kwa namna hii: zikiwa za baridi zinafanya kazi, zikipata moto kizio kinachotenganisha nyaya kinazidiwa na umeme unavuja. Ukipima ugonjwa wa joto kwenye gari la baridi, utaambiwa mgonjwa ni mzima.

Fundi mwenzake alipendekeza koili zitolewe zipimwe kwa mita. Kwenye koili za zamani zenye pini mbili, ushauri huo una maana. Koili hizi zina pini nne na ndani yake mna saketi ya elektroniki inayokata na kuunganisha umeme, kwa hiyo mita haiufikii waya mnene moja kwa moja. Tena mita inapima kwa volti chache, wakati uvujaji unaotusumbua unatokea kwenye maelfu ya volti. Pendekezo likawekwa kando, na liliwekwa kando kwa haki.

Kilichofuata ni kutafuta silinda isiyofanya kazi. Injini ikiwaka, fundi alichomoa soketi ya koili moja, akasikiliza, akairudisha, akaenda kwenye nyingine. Alishika soketi tu na hakugusa mwili wa koili, kwa sababu koili inayovuja inaweza kukupiga. Kwenye injini hii namba moja iko upande wa fenibelti, ambao kwa magari yetu ni upande wa dereva. Alipochomoa ya kwanza, injini ililegea na kutetemeka zaidi. Silinda hiyo ilikuwa inachangia. Ya tatu na ya nne vilevile. Alipochomoa ya pili, mlio haukubadilika hata kidogo. Silinda ya pili ilikuwa haifanyi kazi yoyote.

Hapo ndipo mafundi wengi hupiga simu dukani. Huyu alizima gari. Akafungua bolti ya spana namba kumi inayoshika kila koili, akaizungusha kidogo koili ya pili ili raba iachie, akaitoa na kuiweka kwenye silinda ya tatu. Ya tatu ikaenda kwenye ya pili. Plagi hakuzigusa, nozeli hakuzigusa, waya hakuuhamisha. Akawasha, akasubiri tena joto lilelile, kisha akarudia kuchomoa soketi. Safari hii silinda ya pili iliitikia, na iliyonyamaza ikawa ya tatu. Kosa lilikuwa limehama pamoja na koili.

Nguvu ya kipimo hiki iko kwenye nidhamu ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Angehamisha koili pamoja na plagi, kosa lingehama lakini asingejua limefuata nini. Alichagua pia kubadilishana na silinda ambayo tayari ilikuwa imethibitika kuwa nzima. Na kipimo kinajibu pande mbili kwa mpigo: koili ya pili ni mbovu, na kwa kuwa silinda ya pili ilifufuka kwa koili ya jirani, basi waya wake, soketi yake, nozeli yake na kompresheni yake vinafanya kazi. Kosa lingebaki palepale kwenye silinda ya pili, hatua inayofuata ingekuwa kuhamisha plagi, kisha kukagua umeme kwenye soketi, kisha nozeli, na mwisho kupima kompresheni.

Lakini ushahidi huo una mpaka wake. Plagi iliyolika inaweza kuwaka vizuri kwa koili yenye nguvu, huku ikiwa ndiyo iliyoiua koili ya awali. Fundi alilijua hilo, kwa hiyo aliikagua ile koili mbovu. Juu ya raba yake kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli, uliopanda kutoka kwenye mdomo wa raba. Hiyo ni njia iliyochomwa na umeme uliokuwa ukitoroka pembeni badala ya kupita kwenye plagi. Plagi ya silinda ya pili ilipotoka, ncha yake ya katikati ilikuwa imelika na kuwa duara, na nafasi ya cheche ilikuwa imepanuka waziwazi kupita milimita 1.1 za plagi mpya. Kadiri nafasi inavyopanuka ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika kuiruka, na ikiwa ngumu mno, umeme unatafuta njia nyepesi kwenye raba. Shimo la plagi lilikuwa kavu. Lingekuwa na oili, ingebidi sili za kava ya tapeti zibadilishwe kwanza, maana oili huozesha raba ya koili mpya kama ilivyoozesha ya zamani.

Kwa hiyo orodha ya kununua ilikuwa koili moja na plagi nne. Hapa mnunuzi anapaswa kuwa makini, kwa kuwa koili za Toyota zinafanana kwa sura. Namba inayojulikana sana kwa injini za familia ya NZ ni 90919-02240. Ile ya 90919-02239, inayopungua kwa moja tu, ni ya injini ya 1ZZ-FE. Nenda dukani na koili ya zamani mkononi, linganisha namba, urefu wa raba na umbo la soketi, na ukubaliane na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujatoa pesa, kwa sababu vifaa vya umeme vingi vikishatoka dukani havipokelewi tena. Koili ya mtumba inaweza kufaa, ila ijaribiwe gari likiwa la moto.

Ningeongeza jambo moja tu kwenye kazi ya fundi huyu: zile koili tatu zilizobaki nazo zilistahili kukaguliwa raba zake, kwa kuwa zimetembea na plagi za umri uleule. Mengine yote aliyafanya kwa mpangilio sahihi: aliliona kosa likitokea, akaitafuta silinda, akahamisha kitu kimoja, akatafuta chanzo, ndipo akanunua. Nawe ukiambiwa "ni koili," usibishane na fundi wala usimtume winga. Mwombe aihamishie silinda nyingine kwanza, muwashe gari hadi lipate moto, na msikilize wote wawili.