Mafuta hayaogopi maji: Istilahi inapopotosha sayansi

WASANIFU wa istilahi za Kiswahili wana mazoea ya kufasiri vipashio vya Kigiriki kimoja kimoja. Ndiyo maana dutu kama mafuta huelezwa kuwa 'inayoogopa maji'. Tafsiri hiyo ni aminifu kwa neno, lakini si kwa jambo lenyewe. (Neno hilohilo la Kigiriki lilitumiwa zamani kutajia kichaa cha mbwa, hapo angalau palikuwa na mgonjwa wa kuogopa!)

Hebu tutazame ushahidi wa tarakilishi. Mnamo 1971, Aneesur Rahman na Frank Stillinger waliiga mwendo wa maji kwa molekuli 216 pekee. Mwaka wa 1979, Pangali, Rao na Berne waliziweka chembe mbili zisizo na chaji, mfano wa mafuta, ndani ya maji ya kuigwa. Katika hesabu zao hamna amri ya 'kimbieni maji'. Kinyume chake, chembe hizo na maji huvutana, japo kidogo. Maji ndiyo yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe kwa nguvu zaidi, kwa vifungo vya haidrojeni, na kuizunguka chembe ngeni huyapunguzia uhuru wa kujipanga. Chembe zikikaribiana, maji yanayobanwa hivyo hupungua. Basi hukusanyika.

Ajabu ni kwamba walipata umbali wa aina mbili unaopendelewa: chembe zikigusana, na zikitenganishwa na tabaka moja la maji. Jamani, mwoga gani huyo anayekiweka anachokiogopa kati yake na mwenzake?

Nitajibiwa kuwa istilahi ni sitiari tu. Hata 'mkondo wa umeme' si mto. Sawa. Lakini mkondo humsaidia mwanafunzi kukisia vyema, ilhali woga humfanya ayachunguze mafuta wakati jibu limo majini. Akifikia jinsi protini inavyojikunja, au sabuni inavyong'oa mafuta kwenye sufuria, atakuwa anatafuta nguvu isiyokuwepo.

Binafsi napendelea 'isiyofungamana na maji', kwa sababu inataja kile ambacho mafuta hayawezi kufanya: kushika vile vifungo vya haidrojeni. Ni refu, ndiyo, na wahariri wa vitabu vya shule watalalamika. Basi na waandike 'haidrofobi', mradi mwalimu aanze somo kwa maji, si kwa mafuta.