Fundi Aliyekataa Kuitwa Prodyuza: Kazi ya Steve Albini

Steve Albini alifariki dunia mjini Chicago tarehe 7 Mei 2024, naye alikuwa na umri wa miaka 61. Siku kumi baadaye bendi yake, Shellac, ilitoa albamu iliyokuwa imekwisha kukamilika kabla ya kifo chake. Kwa muda wa miaka arobaini hivi alinasa sauti za bendi za roki, na hesabu ya albamu alizozifanyia kazi hukadiriwa kupita elfu moja. Walakini katika majalada ya albamu hizo ni taabu kulikuta jina lake mahali ambapo desturi ya biashara ya muziki huliweka jina la mtu wa kazi kama yake. Hakutaka kuitwa prodyuza. Ilimtosha kuandikwa kuwa muziki umerekodiwa naye, na jina lake likiachwa kabisa hakulalamika.

Yafaa neno hilo litazamwe kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Katika studio za Uingereza na Marekani kazi hizi ni mbili. Injinia huweka vipaza sauti, huongoza mitambo na kuzihifadhi kanda; prodyuza huamua ni nyimbo zipi zipigwe, ni mara ngapi zirudiwe, na zifanane na nini zitakapofika sokoni, naye kwa kawaida hupata mgao wa mauzo. Katika Kiswahili mpaka huu haujachorwa barabara. Wapo wasemao “mtayarishaji wa muziki”, lakini kutayarisha ni kuweka tayari tu, na neno halisemi ni nani mwenye amri. Katika studio za bongo fleva za Dar es Salaam prodyuza huutunga muziki wenyewe kwa kompyuta, na pengine jina lake husikika ndani ya wimbo. Hapo neno limebebeshwa mzigo wa watu watatu. Lipo pia jina la zamani la redioni, fundi mitambo, yule ashukuruwaye na mtangazaji na asiyeonwa na mtu. Kama Albini angalikuwa na hiari ya kuchagua katika majina hayo, hapana shaka angalichagua hili la mwisho.

Swali ni kama angalistahili kupewa. Madai yake yalikuwa na sehemu mbili ambazo wasifuji wake huzichanganya. Ya kwanza ni ya haki: kwamba albamu ni mali ya wapigaji, na mtu wa mitambo hana ruhusa ya kuwatawala wala kula jasho lao. Ya pili ni ya sanaa: kwamba yeye huunasa muziki jinsi ulivyo, bila kuutia mkono wake. Ya kwanza aliishi nayo kwa uaminifu usio wa kawaida. Ya pili haikuwa kweli, na ushahidi ni albamu zake mwenyewe.

Albini alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1962, akakulia Missoula katika jimbo la Montana, akasomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Bendi yake ya kwanza yenye sifa, Big Black, haikuwa na mpiga ngoma. Ilitumia mashine, nayo ikatajwa kama mwanabendi kwa jina la kiwanda chake, Roland. Ni kichekesho kidogo, kwani mtu huyu baadaye alisifiwa kuliko yote kwa namna alivyozinasa ngoma.

Sifa hiyo ilianza Boston. Katika Desemba 1987 aliitwa kuinasa albamu ya Pixies iliyotoka mwaka uliofuata kwa jina la Surfer Rosa. Alilipwa dola 1,500 kwa mkupuo mmoja, na mgao wa mauzo hakuutaka. Msikilizaji akiianza albamu hiyo, kitu cha kwanza kimgongacho sikioni ni ngoma. Desturi ya miaka ile ilikuwa kuzinasa ngoma kwa karibu sana, kisha kuzitilia mwangwi wa mashine. Hapa hazikutendewa hivyo. Zasikika zikiwa ndani ya chumba, chumba chenye kuta na dari, na msikilizaji kama aliyesimama humo hatua chache tu mbele yao. Ilipofika zamu ya sauti ya Kim Deal, kazi ilihamishiwa bafuni ili mwangwi utoke katika kuta zenyewe. Hata maongezi ya wanabendi studioni yaliachwa yasikike baina ya nyimbo.

Hayo yote yalichaguliwa. Chumba hakijinasi chenyewe, na aamuaye kipaza sauti kiwekwe sakafuni, mbali na ngoma, ameamua pia msikilizaji ajione yuko wapi. Albini alikwenda mbali zaidi: alikuwa na mazoea ya kuichelewesha sauti ya vipaza sauti vya mbali kwa sehemu ndogo sana za sekunde, ili chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Ni hila njema, walakini ni hila. Wahariri wa tenzi za miswada wanaijua hali hii. Mnakili huapa kuwa hakuongeza neno. Lakini aliamua mshororo ukatwe wapi na herufi isomwe vipi, na kwa uamuzi huo msomaji hupokea utenzi mwingine kidogo.

Kuhusu haki, mambo ni tofauti. Mwaka 1993 Albini alichapisha katika jarida la The Baffler makala juu ya matatizo ya biashara ya muziki. Ni makala yenye ulimi mkali, nayo hufunguka kwa taswira ya mtaro wa kinyesi ambao wanamuziki huogelea wakiufuata mkataba uliowekwa ng'ambo ya pili. Lakini nguvu yake haiko katika matusi. Iko katika hesabu. Albini aliwaza bendi ya kubuni iliyopewa malipo ya awali ya dola 250,000 na kuuza nakala robo milioni. Akaziorodhesha gharama moja baada ya nyingine, tangu wakili hadi basi la safari. Mwishoni kampuni ina dola 710,000, prodyuza ana 90,000, na kila mpiga muziki ana 4,031.25. Humo pia aliwacheka maprodyuza wanaoziita sauti “zenye joto” au “zenye ngumi”, maneno ambayo kwa maoni yake huficha kuwa msemaji hajui atendalo. Mwanaisimu hawezi kuisoma sehemu hiyo bila kutabasamu.

Mwaka huo huo kauli zake zilijaribiwa. Bendi ya Nirvana, ambayo wakati ule hapakuwa na bendi ya roki yenye jina kubwa kuipita, ilimtaka ainase albamu ya In Utero. Aliwaandikia barua kabla ya kazi, akasema apenda kulipwa kama fundi bomba: atimize kazi, apewe thamani yake, basi. Mgao wa mauzo, ambao mwenyewe aliukadiria kufika dola 400,000 hivi, aliukataa. Akapokea dola 100,000. Kazi ilifanyika Februari 1993 katika studio ya Pachyderm, Cannon Falls, jimbo la Minnesota, nayo ilimalizika kwa majuma mawili. Kampuni haikuridhika, bendi nayo ikaingiwa na shaka, na nyimbo mbili zikapelekwa kwa Scott Litt azichanganye upya.

Ugomvi ule hukumbukwa kama vita baina ya fedha na ukweli. Kwa sikio, hata hivyo, ulikuwa ugomvi juu ya mahali pa maneno. Katika michanganyo ya Albini sauti ya mwimbaji haipandishwi juu ya ala. Huwekwa katikati yake, nayo hulazimika kupigana ili isikike. Litt aliyaleta maneno mbele. Anayeyaweka maneno chini ya magitaa ameufasiri wimbo, wala hakuunasa tu.

Wenye shaka na wasikilize kazi ya PJ Harvey ya mwaka huo. Albamu yake Rid of Me ilinaswa na Albini. Baada ya miezi michache mwimbaji huyo alitoa 4-Track Demos, yenye nyimbo kadhaa zile zile kama alivyozirekodi peke yake kwa mashine ndogo. Si mara nyingi mhakiki hupewa mizani safi namna hii. Katika kanda za peke yake mwimbaji yu karibu, na kila neno lafika. Katika albamu ya Albini wimbo unaobeba jina la albamu huanza kwa unong'ono wa chini mno, hata msikilizaji huongeza sauti ya redio yake. Halafu ngoma na magitaa humwangukia. Kicho kile kilikuwamo katika utunzi, lakini kipimo cha ukimya na kishindo kina alama ya mkono wa fundi. Wapo wapendao kanda zile kuliko albamu, nao hawana kosa. Ila kosa ni kudai kuwa tofauti haipo.

Mwaka 1997 alifungua studio yake, Electrical Audio, mjini Chicago. Kuta za ndani zilijengwa kwa matofali ya udongo usiochomwa, kwa ajili ya namna yanavyoipokea sauti. Mafundi walivaa ovaroli, bei zilikuwa za kuwezekana, na bendi zisizojulikana alizihudumia kama alivyowahudumia Jimmy Page na Robert Plant, ambao aliwanasia albamu iliyotoka mwaka 1998. Hata baada ya kompyuta kuenea kotekote yeye aliendelea na kanda za sumaku, akiamini kwamba zitachezeka vizazi vijavyo.

Kuna upande wa aibu, nao haufichiki. Mtu aliyeyadai maneno ya kazi yawe na maana kamili aliyachezea mengine pasipo kujali. Bendi aliyoiunda baada ya Big Black aliipa jina lililofanya mzaha na ubakaji, na maandishi yake ya ujanani yana dharau nyingi kwa wanyonge, zikitolewa kama utani. Mwaka 2021 alikiri hadharani kuwa alikosea, na kwamba mtu asiyeumizwa na neno si hakimu wa neno hilo. Ungamo hilo alilitoa bila kujipamba, wala hakudai msamaha kuwa ni haki yake.

Baada ya kifo chake mafundi aliowafunza waliendelea na kazi katika studio ile ile. Mji wa Chicago nao uliweka kibao cha heshima katika barabara ya Belmont, penye studio hiyo, na kibaoni pakaandikwa jina ambalo mwenyewe hakutaka kuliona katika majalada ya watu wengine.