Sifa za Lehemu

Tangu mwaka 1931, dhahabu ilipowavuta wageni hadi Kakamega, nchi ya Waidakho iliyo huko imetajwa aghalabu kwa madini ya thamani. Walakini mimi, nilipomtazama mzee mmoja, fundi wa bati katika soko la Iguhu nchini humo, nilijifunza kuistahi metali nyingine, nyeupe kama fedha na duni machoni pa watu, nayo ni lehemu.

Mzee huyo alikuwa akiunda koroboi kwa kopo kuukuu. Aliuparuza ukingo kwa tupa hata ukang'aa, akaupaka tindikali kwa unyoya wa kuku, kisha akakitoa makaani chuma chake chenye kichwa cha shaba, akakigusisha na lehemu; tone likaukimbilia mshono, likapenya pasipoonekana ufa, likatulia. Hakupuliza wala hakutikisa, kwa kuwa lehemu itikiswayo ingali moto hupauka na kufanya chembechembe, na kiungo chake hakidumu. Akangoja, akatia maji, akapitisha kidole chini ya kitako: kikavu.

Ipo hikima katika lehemu, ambayo ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati safi huyeyuka katika nyuzi 232 za sentigredi, na risasi katika 327. Lakini zikichanganywa kwa kadiri ya sehemu 63 za bati na 37 za risasi, huyeyuka katika 183, hata makaa machache yakatosha. Risasi ni sumu, na fundi yule, kwa kulijua hilo, hukataa katakata kulehemu vyombo vya chakula.

Zamani za utoto wetu, koroboi za namna hiyo ndizo zilizotumulikia madaftari usiku, nazo zikivuja zilirudishwa kwa fundi, wala hapana aliyewaza kuzitupa. Leo taa ya sola huzimika kwa sababu kiungo kimoja cha lehemu, kidogo kuliko punje ya mtama, kimeachana na waya, nasi twaitupa taa nzima na kununua nyingine, ilhali dawa yake ni tone moja na mkono mtulivu. Lehemu ingalipo madukani; wanaotoweka ni mafundi, maana vijana hawaketi tena kando ya jiko lao kujifunza.

Basi, msomaji, kitu kikikuharibikia, kipeleke kwa fundi kabla ya kukitupa. Na ukiwa na kijana aliyemaliza shule naye hana kazi, mwombee nafasi ya kuketi karibu na fundi huyo.