Mwewe Juu, Nguchiro Chini

Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Wengi wetu huisema methali hii tunapokata tamaa, tukafika kwenye mwewe na kunyamaza, kana kwamba hapo hapana la kufanya. Wapo wafugaji ambao hapo ndipo wanapoanzia. Nimewaona zaidi Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji hupakiwa kwenye matenga na kusafirishwa hadi masoko ya Dar es Salaam. Wengi wao ni akina mama. Kwao mwewe ana saa zake, ana njia yake na ana kinga yake, na ujuzi wanaoutumia kumkabili ni mkubwa kuliko heshima tunayoupa.

Ukiingia kwenye ua wa mfugaji hodari unaweza kudhani hakuna kilichopangwa. Pana banda, jiko, kichanja cha vyombo, vichaka viwili vitatu vya mchongoma na ardhi iliyofagiliwa. Kumbe kila kimoja kimewekwa kwa hesabu. Mwewe hupenda mahali peupe. Huzunguka juu taratibu, mkia wake wenye panda ukipinda huku na huku, kisha hujitupa chini, hukwapua kifaranga kwa kucha na kupaa tena bila kutua. Mbawa ndefu kama zile zinahitaji nafasi ya kuingilia na nafasi ya kutokea. Akikuta matawi kwenye njia yake, huahirisha. Basi kwa ajili ya mwewe, ua unataka vichaka. Nguchiro naye huwinda mchana huohuo, ila yeye hutembea ndani ya majani, tumbo karibu na udongo, na hujitokeza akiwa amebakiza hatua chache tu. Kwa ajili ya nguchiro, ua unataka uwazi. Kinachomzuia adui mmoja ndicho kinachomficha mwingine, na mfugaji hawezi kuchagua mmoja akamwacha mwenzake.

Mama mmoja wa upande wa Iramba alinionyesha namna anavyolitatua jambo hili, na sijaona kazi ya bustani iliyofikiriwa vizuri zaidi. Nje kabisa kuna ua wa minyaa. Ndani yake ameacha ukanda mpana uliofagiliwa hadi udongo ukabaki mtupu, usio na hata jani la kumsitiri mnyama anayenyemelea. Vichaka viko katikati, karibu na jiko, mahali vifaranga wanapochakura siku nzima. Lakini vichaka vyenyewe vimepunguzwa kutoka chini: matawi yote yaliyo chini ya shibiri moja yamekatwa. Kifaranga anapita chini yake akikimbia na mwewe hawezi kumfuata. Nguchiro akijaribu kujibanza humo, miguu yake yote minne inaonekana kutoka upande wa pili.

Kila baada ya siku chache yule mama hupiga magoti, huinama mpaka shavu likaribie ardhi, na kutazama uwanja wake kwa kimo cha kifaranga. Tawi lililoteremka hulikata kwa kisu cha jikoni. "Mwanangu," aliniambia akiwa bado ameinama, "nikimwona jogoo yule pale ng'ambo ya kichaka, basi nguchiro hana pa kukaa." Kisha akasogelea kichaka cha pili akarudia, bila haraka, ingawa chungu cha maharage kilikuwa kimeanza kufurika.

Jogoo ndiye mlinzi wa zamu, na yeye pia hutofautisha adui wa juu na adui wa chini. Akiona kitu angani hutoa mlio mmoja mwembamba, mrefu, wa chinichini, na kundi zima hukimbilia kivulini au kujibana chini. Akiona kitu ardhini hupiga kelele za kukatikakatika, kubwa, zenye hasira, na kuku husimama wima shingo juu wakitazama pande zote. Mwaka 1993, watafiti Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler walichapisha utafiti uliothibitisha kwamba kuku husikia milio hiyo miwili kama taarifa mbili tofauti: wakipigiwa sauti tu, pasipo adui yeyote, hufanya kile kinachofaa kwa kila mlio. Wafugaji niliokaa nao hawakuhitaji kuambiwa. Mama anapepeta mtama, mgongo kwa kuku. Jogoo akitoa ule mlio mwembamba, uso unakwenda juu. Akianza zile kelele nyingine, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye minyaa. Watoto wa nyumba hiyo wanajua hivyohivyo, na mdogo kabisa huokota kijiwe kabla hajajua anamrushia nani.

Usiku hubadili wageni. Wanakuja kanu, yule mnyama mrefu mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete, kicheche mwenye mistari na harufu isiyosahaulika, paka pori, na mara mojamoja nyegere, ambaye hatafuti tundu kwa kuwa ana nguvu za kulitengeneza. Zamani katika nyumba za tembe kuku walilala ndani pamoja na watu, na hadi leo wapo wanaowalaza jikoni. Anayejenga banda hulinyanyua juu ya nguzo, kama mita moja kutoka ardhini. Kila nguzo huzungushiwa bati la debe lililokunjuliwa, ili kucha zisipate pa kushika. Ngazi ya kuku huondolewa jioni na kuegemezwa mbali. Waya wa kuku wenye matundu makubwa unaouzwa madukani hutumika kwa uangalifu, maana unazuia kuku asitoke lakini haumzuii mnyama kuingiza mkono, na kifaranga anayelala akiuegemea anaweza kuvutwa nje kidogo kidogo. Mahali pa kulalia huwekwa katikati, mbali na kuta.

Ukaguzi wa banda ndio niliopenda kuutazama. Hufanywa mchana, jua likiwa kali. Mfugaji huingia ndani, hujifungia mlango na kukaa kimya mpaka macho yazoee giza. Kisha huhesabu miale. Kila mwanga unapopenya, mnyama naye anaweza kupenya. Kwa paa huchukua muda mrefu kuliko kuta, kwa sababu kanu hupanda vizuri na hupenda ile nafasi kati ya ukuta na bati ambayo mafundi wengi huiacha wazi kwa ajili ya hewa. Hewa inahitajika kweli, kwa hiyo nafasi haizibwi. Huwekewa wavu wenye matundu ya nusu inchi, uliokazwa kwa misumari iliyokaribiana. Nimeona mama akipitisha kidole kwenye ukingo wa wavu kutoka pembe moja hadi nyingine, akisimama kila panapolegea.

Na pale ambapo kinga imeshindwa, hapaanzi kelele. Panaanza usomaji. Kifaranga aliyetoweka saa sita mchana bila unyoya wala damu, mtuhumiwa wa kwanza ni ndege. Kuku aliyekutwa asubuhi ameng'atwa shingoni, kichwa hakipo, manyoya yametapakaa ndani ya banda, hapo hutazamwa juu, kwenye paa. Udongo uliochimbwa chini ya ukuta una habari yake. Mayai yakitoweka yote bila hata kipande cha ganda, hufikiriwa nyoka au kenge. Yakiwa yamepasuliwa karibu na jiwe, hufikiriwa nguchiro, maana wako nguchiro ambao hulishika yai kwa mikono na kulirusha kinyumenyume kati ya miguu ya nyuma mpaka ligonge jiwe na kupasuka. Jivu hunyunyizwa mlangoni usiku unaofuata ili lipokee nyayo. Ni baada ya hapo tu ndipo kitu kinajengwa au kuzibwa.

Katika mikoa yenye mvua nyingi hesabu hubadilika. Kagera, chini ya migomba, adui wa kuogopwa anaweza kuwa siafu. Kuku anayeatamia haondoki kwa urahisi kwenye kiota, na msafara wa siafu ukimfikia usiku unaweza kumuua palepale juu ya mayai. Kinga yake ni jivu kuzunguka kiota, au kiota kilicho juu ya miguu iliyosimamishwa ndani ya makopo ya mafuta machafu.

Sehemu ya ujuzi huu huanza kabla kifaranga hajatoka kwenye ganda. Kuku kadhaa huatamishwa siku moja, wakaangua pamoja siku ya 21 au karibu na hapo. Usiku huohuo vifaranga wote huingizwa chini ya mbawa za mama mmoja au wawili, gizani, ili asubuhi awaone kuwa ni wake. Wale wengine hurudi kutaga. Mama anayechaguliwa kulea ni yule mkali, anayeruka kumkabili mwewe kwa kucha. Huyo hauzwi wala hachinjwi, hata mgeni mheshimiwa akija. Majuma ya kwanza hufungwa kamba mguuni chini ya kivuli, na wanawe hawaendi mbali na sauti yake. Ambaye hana muda wa kuangalia hutumia tenga lililofunikwa: hewa inapita, maji na pumba za mtama zinaingia, mwewe anabaki kuzunguka juu.

Ugonjwa wa mdondo huua kuku wengi kuliko wanyama wote niliowataja, na tone la chanjo jichoni kila miezi mitatu ndilo linalofanya banda zuri liwe na maana. Hilo linajulikana na linahubiriwa.

Ninalolitetea ni lile lisilohubiriwa. Wapo wanaotega nyama yenye sumu, na najua uchungu unaowafikisha hapo. Kupoteza kuku kumi usiku mmoja ni kupoteza ada ya shule. Lakini sumu haichagui. Inamuua mbwa wa jirani, inamuua tai aliyekuja kula mzoga, na inamwondoa kanu aliyekuwa akila panya wa ghalani. Nafasi yake ikibaki wazi na tundu la paa likibaki wazi, kanu mwingine atakuja. Wale akina mama wa Singida wanalijua hili kwa kuliishi, na ndiyo maana nguvu yao wameipeleka kwenye matawi, nguzo na miale ya jua.

Vijitabu vya ufugaji wa kuku wa kienyeji nilivyosoma vina kurasa nyingi za chanjo na chakula, na mistari michache kuhusu wanyama wanaokula kuku, kwa kawaida ikisema tu kwamba banda liwe imara. Imara kwa vipi? Ningependa maofisa ugani wanaoandika toleo lijalo wakae kutwa nzima kwenye ua kama ule wa Iramba, wapime upana wa ule ukanda uliofagiliwa, wachore kile kichaka kilichokatwa shibiri moja kutoka chini, na waandike kama yule mama anavyoeleza mwenyewe, kwa maneno yake.