Ufundi wa Kuanguka

Ukiwauliza watu wa rika langu hapa Watamu, pwani ya Kenya, mieleka ya zamani ilikuwa na utamu gani, hata banda la video likafurika na waliokosa nafasi wakachungulia kwenye matundu ya makuti, wengi watakutajia misuli na mikanda ya dhahabu. Kisha watakuhesabia majina: Hulk Hogan, Ultimate Warrior, Yokozuna, Undertaker. Mimi nitakutajia kuanguka. Kupiga, kila mtu aweza. Kuanguka chali kutoka juu ya kamba, ukainuka, ukaendelea, na kesho yake ukaanguka tena katika mji mwingine, hiyo ndiyo kazi. Nimeipenda tangu udogoni, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuistahi.

Wengi hudhani ulingo ni godoro. Sivyo. Ulingo wa WWF, kama kampuni ya mieleka ya Marekani ilivyoitwa kabla ya kuwa WWE mwaka 2002, ulikuwa wa futi 20 kila upande: chini mihimili ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao tandiko jembamba la sponji, kisha turubai. Ule mshindo uliokuwa ukitufanya tushike vichwa ni mlio wa mbao zikipokea mwili wa mtu. Anayejifunza hufundishwa kwanza kukaza kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini. Halafu hufundishwa kutua kwa mgongo wote wa juu mara moja, uzito usambae, huku mikono imenyooshwa na viganja vinapiga turubai wakati uleule, na pumzi inaachiwa. Asipoitoa mwenyewe, mbao zitaitoa kwa nguvu. Kubwa kuliko yote ni kutojikinga kwa kiwiko. Mwili wa binadamu ukiona unaanguka hutanguliza mkono, na ni lazima ufundishwe upya uache tabia hiyo.

Sisi tulikuwa na ufuo. Maji yakipwa, mchanga wa Watamu hubaki umeshindiliwa, mgumu na wenye unyevu, na ule wa juu usiofikiwa na maji hubaki mkavu na mwororo. Wenye busara walipigana mieleka juu. Wenye sifa walishuka chini, na wengi wao walirudi nyumbani wameshika viuno. Kila kanda mpya ilipofika bandani, ikiwa imenakiliwa mara nyingi hata mistari ikawa inapita kwenye nyuso za watu, jioni yake ufuo ulikuwa ulingo. Wazee waliorudi kutoka baharini walipita na samaki wao, wakatuonya kuhusu shingo zetu, kisha wakasimama kutazama.

Katika kanda zote zilizopita pale, moja ndiyo ninayoirudia mpaka leo: SummerSlam, onyesho la WWF la tarehe 29 Agosti 1992, uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu 80,355 kwa hesabu iliyotangazwa. Pambano la mwisho lilikuwa la Bret Hart, bingwa wa mkanda wa Intercontinental, na Davey Boy Smith aliyeitwa British Bulldog. Hao walikuwa mashemeji. Bulldog alimwoa Diana, dada yake Bret, na kamera ilimrudia Diana kila mara akiwa ameketi kati ya watazamaji, hajui amwombee mume au ndugu.

Nilipokuwa mtoto nililifuata pambano hilo kwa ajili ya mshindi. Baadaye nikaanza kumfuata Bret peke yake, na hapo ndipo kanda ilipofunguka. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2007, Bret anaeleza kwamba dakika chache tu baada ya kuanza, shemeji yake alisahau kila kitu walichopanga, ikabidi amwongoze kwa kumnong'oneza hatua baada ya hatua hadi mwisho. Pambano lilikaribia nusu saa. Tazama basi ananong'ona wapi. Kila anapompiga kabali, uso wake unazama nyuma ya shingo ya Bulldog, zile nywele ndefu zilizolowa zinafunika mdomo. Anapomwachia, Bulldog anakimbilia kamba na kufanya alichoambiwa kana kwamba kimemjia mwenyewe. Bret anaonekana anapigana. Anapigana kweli, lakini pia anakumbuka kwa niaba ya wawili, anapima pumzi za mwenzake, na anasikiliza watu elfu themanini wamechoka wapi na wameamka wapi.

Mambo mengine hayahitaji kunong'onezwa. Angalia kanda yoyote ya Marekani ya miaka hiyo: kabali karibu kila mara hupigwa kushoto, na mkono unaokunjwa ni wa kushoto. Mexico hufanya kulia. Kwa mazoea hayo, watu wawili ambao hawajawahi kuonana huweza kupanda ulingoni usiku na kila mmoja akajua mwili wake atauweka wapi.

Mwishoni mwa pambano la Wembley Bret anajaribu kumpindua Bulldog kwa kumruka, Bulldog anakaa chini, anaibana miguu ya Bret kwa mikono, refa anahesabu tatu. Aliyelibeba pambano zima ndiye aliyelazwa chini, na mkanda ukaenda kwa mwenzake. Bret alilelewa katika kazi hii nyumbani kwao Calgary, Kanada, ambako Stu Hart, baba yake, aliwafunza vijana katika chumba cha chini ya nyumba walichokiita Dungeon. Bret hakuchoka kusema fahari yake ni kutomjeruhi vibaya mpinzani yeyote. Yeye mwenyewe hakubahatika hivyo: Desemba 1999 teke la Bill Goldberg lilimtikisa ubongo, na mwaka uliofuata akastaafu.

Usiku huohuo wa Wembley alikuwapo jirani yetu. Alitangazwa kuwa anatoka Uganda, anaitwa Kamala: miguu mitupu, uso umepakwa rangi, nyota kifuani na mwezi tumboni. Bandani watu walibishana kwa dhati kama angeitikia salamu ya Kiswahili. Kumbe alikuwa James Harris wa Mississippi, Marekani, na huyo Kamala alibuniwa Memphis mwaka 1982. Ile Afrika waliyomvika haikuwako popote, na ilikuwa matusi kwetu. Nasema hivyo bila kupunguza chochote katika heshima ninayompa Harris mwenyewe.

Alifanya kazi yote hiyo bila neno moja. Alimlaza mpinzani kifudifudi, akaushika mgongo akidhani ameshinda, msimamizi wake Kim Chee akawa anampigia kelele amgeuze mabega yaguse chini, na macho yake yakaonyesha mshangao uliofika mpaka safu ya mwisho ya uwanja. Halafu mwangalie anavyoruka. Mtu wa zaidi ya kilo 160 anapanda kamba ya juu na kujitupa kifuani mwa Undertaker, mpinzani wake wa usiku huo aliyeigiza mfu, na Undertaker haumii, kwa kuwa magoti na viganja vya Harris vimetangulia kugusa turubai na kuupokea uzito. Magoti yake ndiyo yaliyolipa. Kisha Undertaker, bila kutumia mikono, anaketi wima polepole, na hofu ya Kamala ndiyo inayotuaminisha kwamba tumeona maiti akiamka. Harris alikatwa miguu yote miwili kwa ugonjwa wa kisukari, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 70.

Kuna wanaosema mieleka hii ni uongo kwa sababu mshindi hupangwa. Waende Lamu wakatazame kirumbizi, ngoma ya fimbo. Fimbo inashuka kichwani kwa kasi, zumari inalia, na fimbo ya pili imeshafika inapongojewa. Hakuna aliyewahi kutoka pale akasema amedanganywa.

Siku hizi Waganda wa kweli wameingia ulingoni. Huko Mukono, Uganda, tangu mwaka 2023, vijana wa kundi la Soft Ground Wrestling lililoanzishwa na mtu anayejulikana kwa jina la Bumbash wanapigana kwenye shimo la tope lililozungushiwa miti, na picha zao zimezunguka dunia nzima. Huwatazama kwenye simu, na jicho langu hutangulia kwenye videvu na viganja. Wapo wanaotua vizuri sana, wasichana kwa wavulana. Wapo ambao bado wanatanguliza kiwiko, na tope linawasitiri. Kwa anayepanda ulingo wa mbao, mwalimu wa kwanza wa kutafutiwa awe wa kuanguka.