Kufupisha Wigi Nyumbani Katika Baridi ya Ufipa

Wigi refu la nywele za kiwandani huanza kuchakaa nyuma ya shingo. Utosini linaweza kubaki laini kwa miezi mingi, ilhali sehemu inayogusa kola imeshafanya mafundo ambayo kitana hakipiti. Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mavazi ya baridi huongeza tatizo hilo. Kati ya Juni na Agosti joto la usiku katika uwanda wa juu wa Ufipa hushuka chini ya nyuzijoto 10, na asubuhi hakuna anayetoka bila koti, sweta la mtumba au mtandio mzito. Kila shingo inapogeuka, kitambaa husugua ncha za nywele, na ncha hizo hazina mafuta ya kichwa ya kuzilinda. Abiria wa bodaboda anayekubali kuvaa kofia ngumu huongeza msuguano mwingine. Ndiyo maana wigi la kufika mabegani hufupishwa hadi usawa wa kidevu: sehemu iliyoharibika inaondoka, na inayobaki haifikii kola.

Sababu ya pili ni bei. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2019/20, iliyosomwa bungeni na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, ilileta ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoagizwa nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Kwa Sumbawanga kuna pia nauli ya mzigo kutoka Kariakoo hadi Tunduma, kisha kilomita 223 nyingine za lami kupita Laela. Kwa hiyo wigi lililochoka ncha halitupwi, linapunguzwa.

Wengi hukosea kwa kudhani kazi hii ni ya urefu. Wigi la kawaida ni wavu wa mpira ulioshonewa mistari ya nywele, mmoja juu ya mwingine, kutoka kisogoni hadi utosini. Kiwanda huweka nywele nyingi kuliko zinazohitajika, kwa kuwa nywele ndefu zina uzito na uzito huo huzilaza. Zikikatwa, uzito unapotea lakini wingi wa nywele kwenye mistari unabaki uleule. Matokeo yake ni wigi linalofumuka pande zote mbili na kuwa pana chini, jembamba juu. Mkasi wa kufupisha hufanya kazi ya dakika chache tu. Saa zinazobaki ni za kupunguza ujazo.

Kabla ya kugusa mkasi ni lazima kujua nywele ni za nini. Maandishi ya kwenye pakiti hayatoshi, hasa kwa wigi lililonunuliwa gulioni au kurithiwa kwa dada. Jaribio la moto ndilo la uhakika: nywele mbili tatu huchomolewa sehemu ya ndani isiyoonekana, zikachomwa nje ya nyumba, mbali na wigi lenyewe. Nywele za binadamu hunuka kama kucha iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Za kiwandani huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha punje ngumu nyeusi. Kundi hili la pili ndilo lililo kwenye maduka mengi. Humo mna poliesta, na pia nywele za jamii ya Kanekalon, ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzitengeneza mwaka 1957. Mawigi yenye mchanganyiko wa nywele za binadamu na za kiwandani hutoa majibu mawili, na hayo huhesabiwa kuwa ya kiwandani, kwa sababu ile isiyovumilia moto ndiyo itakayoharibika kwanza.

Kichwa cha sanamu cha kusukia hakipatikani katika kila nyumba. Mpira wa miguu wa kawaida, saizi 5, ni mkubwa mno: mzunguko wake ni sentimita 68 hadi 70, wakati vichwa vya watu wazima wengi havifiki 60. Mpira wa watoto wa saizi 3, wenye mzunguko wa sentimita 58 hadi 60, unakaribia zaidi, na ukipunguzwa upepo kidogo unafaa kabisa. Huwekwa juu ya mdomo wa ndoo ili usivingirike, na wigi likabanwa kwa mikanda yake ya ndani, kwani pini zingeutoboa. Mwenye vitambaa vikuukuu anaweza kushona kichwa chake mwenyewe na kukijaza. Hicho hukubali pini za kushonea nguo, na kwa kazi ya kukata ni bora kuliko mpira.

Hata hivyo vipimo havichukuliwi kwenye mpira wala kwenye kitambaa. Wigi huvaliwa kwanza na mwenyewe, mbele ya kioo, akiwa na koti analolivaa kila siku. Mtu mwingine huweka alama kwa kibanio mahali kola inapoanzia, na alama nyingine usawa wa kidevu kila upande. Bila hatua hii kipimo hutoka kwenye kichwa kisicho na mabega, na wigi likivaliwa linaonekana fupi au refu kwa namna isiyotarajiwa.

Nywele huchanwa kuanzia ncha kwenda juu, kwa kitana chenye meno mapana. Katika kiangazi cha Ufipa hewa ni kavu, na nywele za kiwandani hupata umeme tuli: zinasimama, zinakimbia kitana, zinang'ang'ania mkono. Maji kidogo yenye tone la kilainisha nguo, yakinyunyiziwa kwa chupa, humaliza usumbufu huo. Kunyunyizia kusizidi hapo, kwa kuwa ukataji hufanywa nywele zikiwa karibu kavu. Nywele za binadamu zikilowa hurefuka, na anayezikata mbichi hushangaa zikikauka kuwa fupi kuliko alama.

Wigi hugawanywa sehemu nne: mstari wa katikati kutoka paji hadi kisogoni, na mwingine kutoka sikio hadi sikio. Kazi huanza nyuma, kwenye mistari ya chini kabisa, na zilizobaki zikabanwa juu. Mkato wa kwanza huacha sentimita 2 zaidi ya alama. Hizo ni akiba ya makosa, na wigi halioti tena. Mkasi, ambao uwe wa nywele na haujawahi kukata karatasi, hushikwa wima, ncha yake ikiingia ndani ya nywele na kutoka. Kukata kwa ulalo huacha ukingo ulionyooka mno, na ukingo huo ndio unaomjulisha kila mtu kuwa hilo ni wigi. Kila mstari wa juu hushushwa na kukatwa ukizidi kidogo ule wa chini yake, ili nywele za nje zizifunike za ndani na kujikunja kuelekea shingoni.

Hapo ndipo wigi linapofumuka, na hapo ndipo njia hutofautiana. Wapo wanaotumia wembe kuchonga ncha. Kwa nywele za binadamu wembe mpya hufaa. Kwa za kiwandani huzikwangua, na baada ya wiki ncha zinakuwa kama zilivyokuwa kabla ya kukatwa. Mkasi wa meno wa kupunguzia ni salama zaidi, mradi usikaribie mshono: chini ya sentimita 5 kutoka kwenye mstari, vipande vifupi husimama wima na kuzisukuma nywele nyingine juu. Njia bora ni ya cherehani zaidi kuliko ya saluni, na haitumiwi inavyostahili. Wigi hugeuzwa ndani nje, na kwa mkasi mdogo wa kufumulia, mstari mmoja kati ya kila miwili hufumuliwa kati ya masikio na kisogo. Ujazo unapungua bila unywele hata mmoja uliobaki kukatwa, na wavu unapitisha hewa vizuri zaidi. Utosini mistari haiguswi, kwani pengo la hapo huonekana mtu akiinama. Sehemu ya mbele yenye lesi, ambako nywele zimefungwa moja moja, nayo huachwa ilivyo.

Baada ya mkasi huja joto, na katika hatua hii mwinuko wa Sumbawanga unaingia kwenye hesabu. Maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda, takriban nyuzijoto moja kwa kila mita 300. Mjini Sumbawanga huchemka karibu na nyuzijoto 94. Bondeni kwenye Ziwa Rukwa, kwenye mita 800 hivi, ni kama 97. Tofauti hiyo haizuii kazi. Wasusi wa rasta wamekuwa wakichovya ncha kwenye maji ya moto miaka yote, na nyuzijoto 94 bado zinatosha kulegeza nywele za kiwandani na kuzifanya zishike umbo jipya. Ncha huzungushwa ndani kwenye rola, au kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa, maji yakamiminwa kwa birika kwa sekunde chache, kisha zikafutwa kwa taulo bila kusugua. Umbo hufungwa wakati wa kupoa, hivyo rola hazitolewi mpaka nywele ziwe baridi kabisa hadi katikati. Baridi ya Julai husaidia hapo kuliko mashine yoyote.

Jiko la mkaa halitumiki kukaushia. Joto linalopanda kutoka kwenye makaa halipimiki, na linatosha kukunjamanisha wigi la kiwandani kabla hata ya moshi kuonekana. Hata mvuke na hewa ya moto inayotoka mfuniko wa sufuria ukifunuliwa huharibu nywele za mbele, jambo ambalo wapishi wenye mawigi wanalifahamu vizuri. Nywele za binadamu hupigwa pasi ya nywele bila shida, ila umbo lake hulegea zikipata unyevu. Kuanzia Novemba, mvua zikianza, kazi hiyo hurudiwa mara kwa mara.

Zile sentimita 2 za akiba hukatwa mwisho, wigi likiwa kichwani na koti likiwa limefungwa, baada ya kuvaliwa siku mbili tatu. Wigi lililofupishwa ni jepesi, na upepo wa uwandani hulinyanyua kwa nyuma, kwa hiyo mkanda wa mpira hukazwa tundu moja au hushonewa kitana kidogo kila upande juu ya sikio. Mistari iliyofumuliwa hufungwa kwa uzi na kuhifadhiwa: rangi yake inalingana na ya wigi, na ndiyo itakayoziba nafasi mistari ya paji ikianza kunyonyoka.