Shahada ya Sera na Majibu Yasiyorudi

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hii ilinijia siku kijana mmoja niliyemfundisha ualimu zamani alipobisha hodi nyumbani kwangu hapa Kilwa Kivinje. Alinipa shikamoo, akaketi, kisha akatoa mkobani bunda la madodoso. Alikuwa anasoma shahada ya uzamili katika sera za umma kwenye chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja, na alitumwa uwandani kuchunguza utekelezaji wa elimu bila ada, mpango ulioanza Januari 2016. Moyo wangu ulijaa furaha. Lakini madodoso yote yalikuwa ya Kiingereza. "Mwalimu," akasema, "naomba unisaidie kuwatafsiria wazazi."

Basi tukaenda kijiji kimoja karibu na Nangurukuru, tukakaa siku mbili chini ya mkorosho. Mama mmoja alieleza kuwa hakutoa mchango wa kujengea darasa kwa sababu kikao hakuitwa. Habari aliipata kwa mtoto wake baada ya mambo kwisha. Mzee mmoja mkulima wa ufuta alijibu maswali yote kwa subira, halafu naye akauliza lake moja: "Majibu yetu yatarudi lini?" Kijana alicheka kwa adabu, akasema yatahifadhiwa maktaba.

Baada ya mwaka aliniletea nakala ya tasnifu yake. Niliisoma usiku mbili, na ninataka kuwa mwadilifu: ni kazi safi. Majedwali yamepangwa vizuri, hoja zinafuatana, wataalamu wa nje wametajwa kwa wingi. Yumo hata Pressman na mwenzake Wildavsky, Wamarekani waliochapisha mwaka 1973 kitabu kuhusu mpango wa serikali ya Washington wa kuleta ajira mjini Oakland, na jinsi ulivyokwama mikononi mwa watekelezaji. Lakini nilipomtafuta yule mama wa chini ya mkorosho nilimkuta ndani ya mstari mmoja wa jedwali, chini ya maneno ambayo kwa lugha yetu ni "mwitikio mdogo wa jamii". Mtu ambaye hakuitwa amegeuzwa mtu ambaye hakuitikia!

Hapo ndipo ilipo lawama yangu kwa masomo haya kama nilivyoyaona katika kazi ile. Simlaumu kijana. Alifundishwa kuitazama sera kutoka dirisha la ofisi inayoitunga: ajenda, utungaji, utekelezaji, tathmini. Ukiitazama kutoka huko, kila linalokwenda kombo huonekana limeharibikia chini, kwa wananchi. Wala dodoso halikuwa na nafasi ya kuuliza kama mtu aliitwa.

Wala si lazima tufike Oakland kujifunza hayo. Mkoa wetu wa Lindi ni darasa tosha. Mwaka 1946 Waingereza walileta wataalamu waliozunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakapendekeza kilimo kikubwa cha karanga. Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Wakulima walioijua mvua na udongo wa huku walikuwapo siku zote. Katika tasnifu ya kijana wangu Oakland imo, Nachingwea haimo.

Ndugu msomaji usidhani kwamba mimi ni msafi. Taifa lilipotangaza elimu ya msingi kwa wote, ambayo utekelezaji wake ulipamba moto mwaka 1977, walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini vijijini. Nilikuwa mmoja wa wakufunzi wao, nikiwatembelea kwa baiskeli. Nakumbuka binti mmoja mwenye watoto zaidi ya themanini chini ya mwembe na kipande cha ubao kilichopasuka. Aliniambia, "Mwalimu, nusu yao hata siwajui majina." Katika taarifa yangu niliandika: "Mafunzo yanaendelea vizuri." Fomu ilitaka idadi, nami nikatoa idadi. Ndiyo maana niliposoma jedwali la kijana wangu nilijiona mwenyewe.

Nchi yetu haikukosa mawazo juu ya jambo hili. Chuo cha Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunza watendaji wa serikali za mitaa. Mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Mizizi yake, basi, imo wilayani. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Azimio lile lilikuwa na kasoro zake na sharti lile liliachwa, lakini ndani yake mlikuwa na kiini cha ukweli: anayetaka kuwapangia watu maisha aonje kwanza kupangiwa.

Watakaonipinga watasema Kiingereza ni lugha ya dunia, na kwamba tasnifu husomwa na watahini wa nje. Nakubali. Hata hivyo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 imeandikwa kwa Kiswahili. Sera ni ya Kiswahili, walioulizwa ni Waswahili, aliyeuliza ni Mswahili, ila matokeo tu ndiyo yamevaa suti na kupanda ndege.

Sidai shahada hizi zifutwe, la hasha. Nchi isiyo na watu wa kupima gharama na matokeo itarudia ya karanga. Ninaloomba ni dogo. Kila mwanafunzi wa uzamili wa sera aandike muhtasari wa kurasa tatu kwa Kiswahili, ausome mbele ya mkutano mkuu wa kijiji alichokihoji, na masahihisho ya wanakijiji yaingie katika tasnifu kabla haijatahiniwa. Yule mama angesimama pale na kusema, "Mwanangu, mimi sikuitwa," na jedwali lingebadilika.

Nilimwandikia kijana hayo. Alinijibu kwa heshima kwamba nina haki, lakini sasa ameajiriwa na nafasi hana. Yule mzee wa ufuta kila akija Kivinje kwa swala ya Ijumaa hunishika mkono nje ya msikiti na kuniuliza kama majibu yamerudi. Sasa nimeanza kuutafsiri muhtasari mwenyewe. Ni kazi ya polepole kwa macho yangu haya, lakini ukurasa wa kwanza umekwisha, na pale palipoandikwa "mwitikio mdogo" nimeacha nafasi wazi mpaka nitakapokwenda kumuuliza mwenyewe.